Urea Haipashwi Moto

"Nani kaipasha urea moto?"

Mkuu wa maabara alipaza sauti kuushinda mngurumo wa tanuri la kukaushia vyombo, nyuma ya ukuta, lakini macho alimkazia mtu mmoja tu: msaidizi wake, mke wa kaka yake, ambaye hakumpenda tangu alipoolewa.

"Si mimi, wifi."

"Hapa kazini mimi si wifi yako."

Protini ilikuwa imeharibika tena. Kazi ya urea ni kuikunjua protini bila kuidhuru, ila huyeyuka kwa shida na bika, chombo cha kioo cha kuikorogea, hugeuka baridi mkononi, ndiyo maana wavivu huiweka motoni. Ikikaa kwenye joto huzaa sumu inayoing'ang'ania protini, na jasho la mwezi mzima huenda na maji.

"Hii si mbolea ya kumwaga shambani!"

"Niliikoroga jana mbele yako. Bika ilikuwa baridi, uliishika mwenyewe. Kisha ukaifungia chupa kabatini kwako, na ufunguo unao wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu wifi yake aajiriwe, mkuu hakuiacha chupa ya urea mezani hata dakika moja. Aliifungia kwenye kabati lake lililopachikwa kwenye ukuta ule wa tanuri, pamoja na mkoba na sweta lake.

"Kwa hiyo mwenye kosa ni mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Umeipasha nilipogeuka. Vua koti, nenda nyumbani."

"Kaka yako hana kazi, unajua. Tutakula nini?"

"Angeoa mwenye akili."

Wenzao waliinamia meza zao. Msaidizi alivua koti jeupe, akalitundika msumarini, akatoka bila kuaga.

Mkuu alifurahi, wala hakuificha furaha yake. Hatimaye amemng'oa! Alimtuma mtu atangaze nafasi ya kazi siku hiyo hiyo, asije kaka yake akaja kumlilia.

Kiyoyozi kilikuwa kikali, naye huhisi baridi upesi. Alifungua kabati, akajitupia sweta mabegani. Lilikuwa na joto tamu, kama kila siku.

Kisha akainua chupa ya urea ili akaimwage. Nayo ilikuwa na joto lile lile.