Mwendo wa Fisi

Watoto waliojaa ukumbini Msambweni walicheka mpaka machozi. Kwenye pazia jeupe, fisi wa katuni aliyoichora Muhsina alikuwa akitembea: hatua tatu za haraka, bega la kushoto likashuka, kisha kidole gumba kikapangusa mdomo.

Mwendo huo aliuchora miezi minane, picha baada ya picha. Alikuwa ameuona mara moja tu, kupitia dirisha, kwa kiongozi wa watu waliomchukua kaka yake asionekane tena mpaka leo. Sura ya mtu yule aliigeuza ya fisi, akaona inatosha asitambulike. Mwendo aliuacha vilevile.

"Tumkaribishe mgeni wetu ampe Muhsina tuzo yake," akasema mwalimu.

Bwana mmoja akainuka safu ya mbele. Hatua tatu za haraka. Bega la kushoto likashuka. Kidole gumba kikapanda mdomoni.

Watoto wakaangua kicheko upya, wakimwonyesha vidole.

Pale jukwaani, Muhsina akarudi nyuma hatua moja. Mgeni akapanda, akageuka kumtazama fisi, akamtazama na yeye. Kisha akampa mkono, wala hakumwachia.

"Mashallah, binti yangu," akasema taratibu. "Mwendo huu umeuona wapi?"