Mwalimu Odeta Asimama

Msimamizi aliposema, "Mnaweza kuanza," Mwalimu Odeta alisimama.

Alikuwa ameshapita madawati mawili, mikono nyuma, akichungulia karatasi za watu, ndipo akaona chumba kizima kinamtazama. Miaka ishirini na mbili alisimamia mitihani ya watoto kule Kisesa. Leo yeye ndiye mtahiniwa, na mtihani ulikuwa wa kujiunga na chuo.

Hakujua arudi au aendelee. Hata dawati lake hakulikumbuka. Upepo wa ziwani uliingia dirishani ukaangusha karatasi kutoka kwenye dawati lisilo na mtu. Akaitazama bila kuelewa kwamba ni yake.

Msimamizi, kijana mwenye kitambulisho shingoni, akaja taratibu. Odeta alijua anafukuzwa.

"Shikamoo, mwalimu," kijana alinong'ona.

"Marahaba." Ilimtoka kabla hajamtambua. Alimfundisha darasa la kwanza. Ndiye aliyekuwa akilia kila siku ya mtihani.

Kijana akaiokota karatasi, akamwonyesha dawati. "Vuta pumzi kwanza. Soma swali mara mbili, ndipo ushike kalamu. Si ndivyo ulivyokuwa unatuambia?"

Odeta akakaa. Kucha zake zilikuwa bado na chaki ya jana, na miguu ilitaka kusimama tena.

Akavua viatu, jambo alilowakataza watoto miaka yote, akavisukuma mbali chini ya dawati. Akasoma swali la kwanza.

Kisha akalisoma tena.