Pazia la Darasani

Vitabu vilifika asubuhi, na Mwalimu Monowara akawagawia wasichana mmoja mmoja kwa mkono wake. Alikuwa ameviandika yeye; vingine alivyoandika kabla ya hivi vyote vilitoka kwa jina la marehemu mumewe. Hiki cha kusomea Kibengali kilikuwa cha kwanza kuwa na jina lake mwenyewe kwenye jalada.

Kisha akapanda juu ya kiti, akaanza kulifungua pazia.

Lilikuwa pazia zito la kijani lililokata darasa katikati: huku wasichana, kule Mzee Golam, aliyefundisha hesabu bila kumwona hata mwanafunzi mmoja. Wazazi ndio waliolitaka. Monowara alikubali siku shule ilipofunguliwa, akijiambia ni la muda tu, mpaka watu wazoee. Sasa nywele zake zilikuwa nyeupe.

"Bibi, umewauliza wasichana wenyewe?" Golam alinong'ona kutoka upande wa pili.

"Niwaulize nini? Si wanakosa hewa humu."

Pazia lilianguka na vumbi lake. Golam akainama haraka, akatazama viatu vyake. Monowara akageuka awaone wanafunzi wake kwenye mwanga.

Hakuona uso hata mmoja. Wote walikuwa wameinua vitabu, wamejifunika.

"Jobeda," alimwita mkubwa wao. "Shusha kitabu, mwanangu."

"Tafadhali, Mwalimu," sauti ilijibu nyuma ya jalada. "Rudisha pazia kwanza."

Monowara alibaki amesimama juu ya kiti. Kila alikotazama, alisoma jina lake.