Marahaba ya Bibi

Baharia alipogonga mlango wa chumba chetu, Bibi hakuzima kipisi chake cha sigara. Alikigeuza, akaingiza moto mdomoni, akafunga midomo.

Kwenye meli hii ya Ziwa Nyasa, ukikutwa unavuta sigara roshani, unashushwa bandari inayofuata. Nasi tulikuwa tunakwenda Mbamba Bay kumwoza mdogo wangu. Harusi bila Bibi, ya nani sasa?

Bibi alizoea kuvuta hivyo tangu ujana wake mashambani Kalenga, moto ndani, ili upepo usimmalizie tumbaku.

"Kuna moshi umeonekana upande huu," baharia alisema. Akapita mpaka roshani, akachungulia chini ya viti, akapapasa reli. Hakuona hata jivu.

"Labda chumba cha pili, kaka," nikadakia.

Akageuka kuondoka. Nikaanza kushangilia kimoyomoyo. Mara akakumbuka adabu, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akatikisa kichwa.

"Shikamoo!" akarudia kwa sauti, akidhani hajasikia vizuri.

Kwetu, mzee akikunyima marahaba, huondoki hivi hivi. Shavu la Bibi likaanza kutetemeka. Chozi likamlengalenga. Halafu puani, polepole, ukatoka moshi mwembamba kama uzi.

Baharia akautazama. Akanitazama mimi. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Bibi, kofia magotini.

"Bibi yangu wa Rujewa naye hukawia hivyo hivyo kuitikia," akasema. "Nitaisubiri marahaba yangu."