Kofia ya Marehemu

Verna alirudi hotelini kutoka makaburini akiwa na kofia ya baba yake kichwani, kwa sababu hakujua pengine pa kuiweka. Hoteli hiyo ya Wyoming, Marekani, aliijenga babu yake, mfuga ng'ombe, na mpaka leo wahudumu huvaa kofia pana na buti za machungani ili kuwafurahisha wageni.

Aliketi ukumbini, kando ya tandiko la farasi la babu lililowekwa kama pambo. Waombolezaji walikuwa chumba cha pili wakila nyama. Yeye hakuhisi njaa wala uchungu. Alichohisi ni buti zake tu, zilivyolowa.

"Samahani, dada," mgeni mmoja akamwita, simu mkononi. "Wewe ni wa hapa, sivyo?"

"Ni wa hapa."

"Basi niazime hiyo kofia nipige picha. Moja tu!"

Verna akaivua. Ndani, kwenye ukanda uliopauka kwa chumvi ya jasho, ulikuwa umenasa unywele mmoja mweupe. Aliutazama kwa muda. Kisha akamkabidhi mgeni kofia, na unywele wake.

Mgeni akaivaa, akacheka. "Mh! Hii imefanya kazi kweli kweli."

"Miaka arobaini."

"Hata harufu ya ng'ombe mmeiweka! Hoteli hii mnajua." Akamvuta Verna begani, akainua simu. "Haya, tabasamu basi. Mbona umekaa kama mtu aliyetoka kuzika?"

"Nimetoka kuzika," Verna akasema, na akatabasamu, kwa kuwa simu ilikuwa imeshainuliwa.