Shati la Marehemu

Siku hizi runinga zote zinatoa harufu. Ukitazama mapishi unanusa vitunguu, ukitazama mpira unanusa nyasi na makwapa ya wachezaji. Mimi nilikuwa kwenye eda ya mume wangu, sigusi udi wala marashi, na uvundo ule ulikuwa unanitia kichefuchefu.

Mwanangu Mbwana akaniambia, "Mama, hii kampuni ya kompyuta iliyotengeneza runinga yetu imeleta jambo jipya. Tuinusishe shati la baba, ikuliwaze."

Lilikuwa shati la mwisho alilolivaa, nami nilikuwa nimekataa lisifuliwe. Runinga ikalinusa kwa kitundu chake chenye majimaji, kama pua ya mbwa. Jioni ikamtoa mume wangu mzimamzima: jasho, tumbaku, na ule uchachu wa shingoni niliokuwa nikiujua mimi peke yangu. Nililia kwa shukrani.

Wiki iliyofuata harufu yake ikanitokea katikati ya tangazo la soseji, mume wangu na mafuta ya soseji pamoja. Nikatapika kwenye beseni. Mbwana akachomoa waya, tukaifunika runinga kwa kanga.

Jana jirani yangu Saumu alikuja kunitazama. Alikaa nami kitandani, akaegemea mto nilioulalia na lile shati, akavuta pumzi, akatabasamu.

"Kumbe na wewe shoga umeinunua ile sabuni mpya ya kampuni ya runinga? Mimi ndiyo ninayoogea. Mume wangu habanduki."

Akanisogezea shingo yake ninuse.