Rangi ya Zawadi

Alasiri hiyo kijijini Machochwe, Nyangi aliketi barazani na kompyuta ya kuazima mapajani, akijifunza Java, lugha ya kuandikia programu. Kando yake baba yake alilitazama zizi tupu. Tangu wezi waswage ng'ombe wake wote, mwezi wa pili sasa, mzee hakuwa ametamka neno.

Somo lilisema uandike kwanza kielelezo kimoja, halafu kutokana nacho uunde vitu vingi, kila kimoja na sifa zake. Nyangi akaandika kielelezo, akakiita Ng'ombe. Kisha akaunda wa kwanza, akijisomea polepole.

"Jina, Zawadi. Rangi, nyeusi."

Mbali, mbuga ilikuwa ikielea kwenye mvuke wa joto.

"Si nyeusi tupu," baba alisema.

Vidole vya Nyangi vikaganda juu ya vitufe.

"Alikuwa na doa kwenye paji la uso. Dogo, kama unga uliodondoka."

Nyangi hakuthubutu kugeuka, asije akaikatisha sauti ile. Alifuta, akaandika upya, pamoja na doa.

"Na aliyemfuata, baba?"

Mzee akafumba macho, akaanza kuwataja.